Viazi vya Uporoto na orodha ya mlo safi

Anayetaka kupunguza kitambi Mbeya siku hizi hangoji kushauriwa na daktari. Simu inamletea orodha nzima kabla hajanywa chai: acha ugali, acha wali, acha viazi, ndizi za kupika usiziguse, chapati ndiyo kabisa, badala yake kula shayiri ya boksi, brokoli, mbegu za chia, kifua cha kuku kisicho na ngozi, mafuta ya zeituni, na asubuhi uanze na maji ya ndimu. Wenyewe wanauita mlo safi. Ingia na orodha hiyo soko la Mwanjelwa uone. Karibu kila kilichokatazwa kimelundikwa mbele yako: viazi mviringo kutoka Uporoto, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela, unga wa mahindi wa kila daraja. Kilichoruhusiwa utakipata kwa shida, tena kwa bei inayomfaa mwenye mshahara mnono. Muuza nguo za mitumba au dereva wa bajaji anayesoma orodha hiyo anabaki na mawazo mawili: ama mwili mzuri si wa watu kama yeye, ama ajinyime hadi achoke, kisha arudie ulaji wake wa zamani kwa hasira.

Nimefuatilia kwa muda ushahidi uliopo juu ya jambo hili, na msimamo wangu ni kwamba mlo safi kwa maana hiyo si lazima ili mwili ubadilike. Hata hivyo wapo wanaolisikia jibu hilo kama ruhusa ya kuendelea na chipsi na soda, na hao nao wanapotea. Ndiyo maana suala hili linataka kuchambuliwa taratibu.

Tuanze na kinachobadilika. Mizani ya duka la dawa inapima kilo, lakini haijui kilo hizo ni za mafuta, misuli, maji au chakula ambacho hakijatoka. Watu wawili wenye kilo 75 kila mmoja wanaweza kuwa na miili isiyofanana hata kidogo. Anayesema anataka kupungua, mara nyingi anachotaka hasa ni mafuta yapungue, hasa ya tumboni, na misuli ibaki au iongezeke. Futi ya fundi cherehani inamfaa zaidi kuliko mizani: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na cha mwanamume kikizidi 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Mizani ikigoma huku kiuno kikipungua, kazi inakwenda vizuri.

Sasa ushahidi. Mwaka 2010 Mark Haub, mwalimu wa lishe katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani, alijifanyia jaribio mwenyewe. Kwa wiki 10 sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa keki ndogo za kiwandani zenye krimu, biskuti na vitafunwa vya paketi. Juu yake aliongeza kinywaji cha protini, kidonge cha vitamini na mboga kidogo. Sharti lake lilikuwa moja, asivuke kalori 1,800 kwa siku. Alianza na kilo 91 akamaliza na 79, na mafuta mwilini yakashuka kutoka asilimia 33.4 hadi 24.9. Jaribio la mtu mmoja halitoshi kujenga hoja, lakini lipo jingine lenye uzito zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapa wanawake 42 wenye unene chakula kidogo kwa wiki 6. Nusu yao walipata asilimia 43 ya nishati yao kutoka kwenye sukari, nusu asilimia 4 tu. Makundi yote mawili yalipungua kilo 7 hivi, na upungufu wa mafuta haukupishana.

Kumbe mwili hauna daftari la vyakula haramu. Nishati inayoingia ikiwa pungufu kuliko inayotumika, unachota kwenye akiba yake ya mafuta, hata kama kidogo kilicholiwa ni andazi. Ikizidi, unaweka akiba, hata kama ziada hiyo imetoka kwenye parachichi la Rungwe na asali ya Tabora.

Swali linalofuata ni kama kilichochotwa ni mafuta au misuli, na hapo ndipo protini na kazi ya misuli vinapoingia. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichapisha matokeo ya vijana 40 wa kiume waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 chini ya mahitaji yao kwa wiki 4, huku wakifanya mazoezi mazito siku 6 kwa wiki. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta na bado wakaongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli yao ikabaki karibu palepale. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49, ulionyesha kwamba kwa wanaonyanyua vyuma faida ya kuongeza protini hufifia ikifika gramu 1.6 hivi kwa kilo. Si lazima protini hiyo itoke kwenye kifua cha kuku.

Hebu tuihesabu kwa bidhaa za Mwanjelwa. Mwanamke wa kilo 70, kwa gramu 1.6, anahitaji protini kama gramu 112 kwa siku, nacho ni kiwango cha juu kwa mtu anayefanya mazoezi kweli. Maharage makavu gramu 100, kabla ya kuchemshwa, yanampa kama 22. Usipa au dagaa wakavu gramu 40 wanampa zaidi ya 20. Mayai mawili ni 12. Maziwa nusu lita ni 16. Nyama mbichi gramu 100 ni 20. Unga wa dona gramu 200, ambao ni ugali wa kushiba mara mbili, unaongeza 16, maana mahindi nayo yana protini ingawa watu huyasema kama wanga mtupu. Jumla inakaribia 110, na kalori zake ni 1,800 hivi kabla ya mboga na mafuta ya kupikia. Kwa mwanamke anayesimama sokoni kutwa, kiasi hicho hakimlemei. Hakuna hata kimoja hapo kilichohitaji kwenda supamaketi. Asiyemudu nyama aongeze maharage, na bahati nzuri Mbeya ni nchi ya maharage. Kituo cha utafiti cha Uyole kimekuwa kikitoa mbegu bora zake kwa miongo mingi.

Hapo wanaodharau mlo safi hufunga mjadala wakisema hesabu ni kalori na protini, kingine ni maneno. Nawapinga. Haub alikuwa mtaalamu wa lishe aliyejipimia kila kitu. Wale wanawake 42 walipewa chakula kilichopimwa. Mtu wa kawaida hapimiwi na mtu. Anakula hadi aridhike, na aina ya chakula ndiyo inayoamua ataridhika akiwa amekula kiasi gani.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 kwenye kituo cha utafiti kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kupikwa vya asili, na wakaruhusiwa kula wanavyotaka. Milo yote miwili ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye chakula cha kiwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka kilo 0.9. Kwenye kile kingine wakapungua kilo 0.9. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 55, wiki 8 kwa kila mlo, milo yote ikiwa imefuata mwongozo wa lishe wa Uingereza. Safari hii walipungua kwenye milo yote miwili, lakini kwenye vyakula visivyosindikwa sana walipungua kama asilimia 2 ya uzito wao, na kwenye vilivyosindikwa sana asilimia 1.

Kwa hiyo chakula cha kawaida cha jikoni ni kama mteremko kwa anayesukuma mkokoteni: mkokoteni unafika hata bila mteremko, ila jasho linazidi. Na ukiutazama huo mteremko kwa makini, utakuta Nyanda za Juu Kusini tumejaliwa nao tangu zamani, kisha tunaambiwa tuupe kisogo.

Chukua viazi. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walipima vyakula 38 kuona kipi kinashibisha zaidi kwa kiasi kilekile cha kalori. Mkate mweupe walipanga uwe 100. Krosanti ilikuwa chini kabisa, kwa alama 47. Kilichoongoza kwa mbali, kwa alama 323, ni viazi mviringo vya kuchemsha. Viliipita nyama ya ng'ombe, viliyapita mayai, viliipita hata shayiri inayouzwa kwenye maboksi ya bei kubwa. Hiki ndicho chakula cha kwanza kukatazwa kwenye orodha za simu, na ndicho kinachoteremka kila alfajiri kutoka Uporoto na Umalila kuja mjini kwenye magunia yaliyojazwa hadi juu na kushonwa mdomo kwa kamba.

Kinachomponza mla viazi ni karai. Gramu 300 za viazi vibichi vilivyomenywa zina kalori kama 230. Zichemshe, ziweke kwenye supu, au zipike na njegere na nyanya, zitabaki 230. Zikikaangwa zikanywa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, zinafika 470, na sahani inaonekana ndogo zaidi kwa sababu maji yamekauka. Vunjia mayai mawili, ongeza mafuta ya kukaangia hayo mayai, mimina tomato, teremshia na soda yenye gramu 35 za sukari, na mtu ameshakula karibu nusu ya mahitaji yake ya siku kabla ya saa tisa alasiri. Atanyooshea kidole kiazi. Kiazi hakina kosa.

Mafuta ya kula, kwa maoni yangu, ndiyo mahali pa kwanza pa kuangalia katika jiko lolote la Mbeya au Iringa, na ndipo panapoangaliwa mwisho. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Nenda kasimame nyuma ya jiko la mama lishe wakati wa mboga. Sufuria inapata moto, chupa inainamishwa, na mafuta yanamiminika hadi yatandaze chini yote. Kitunguu kinaingia, nyanya, halafu chainizi lililokatwa nyembamba linanywea na kung'aa. "Mama, punguza basi mafuta," mteja anasema. "Mwanangu, mboga kavu nani atanilipia?" anajibu, na ana haki, kwa sababu wateja wengine watahamia meza ya jirani. Nyumbani lakini hakuna mteja wa kumpoteza. Kupima mafuta kwa kijiko badala ya kuinamisha chupa kunaweza kumpunguzia mtu kalori 300 kwa siku bila kubadilisha hata chakula kimoja.

Mahali pa pili ni vinywaji. Baridi ya Juni na Julai inatufanya tunywe chai mara nne, kila kikombe na vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kidogo ni gramu 4 hivi, basi tayari kuna kalori karibu 200. Soda iko palepale. Na pombe, za kiwandani na za kienyeji, komoni huku Mbeya na ulanzi kule Iringa msimu wa mianzi unapofika, zote zina nishati ambayo tumbo halihesabu kama chakula. Mtu anakunywa lita, kisha anakula kitimoto kama kawaida.

Wapo watakaoniambia kwamba wazee wetu hawakupima kijiko na hawakuwa na vitambi, kwa sababu walifanya kazi. Ni kweli kwa sehemu, lakini utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania unatushangaza. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, wawindaji na wachimba mizizi wanaotembea kutwa, na wakachapisha matokeo mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza hawakuwa wakitumia nishati nyingi kuliko Wamarekani wa mijini. Mwili huonekana kubana matumizi kwingine ili kufidia mwendo. Na Wahadza hao hula asali nyingi inapopatikana, kitu ambacho kwa kipimo cha nishati hakiko mbali na sukari. Wembamba wao haukuletwa na kukwepa utamu. Huenda umeletwa zaidi na ukweli kwamba mizizi, matunda ya porini na nyama yao havina mafuta ya kumiminwa, na kwamba kila tonge linatafutwa kwa jasho.

Kwa hiyo anayetegemea kubeba mizigo Mwanjelwa au kulima pekee kumaliza kitambi anaweza kusubiri sana. Kazi ya mwili inalinda moyo na sukari ya damu, hilo halina ubishi. Kujenga misuli kunataka kitu kingine: mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki, na siku za kupumzika. Vijana wa jimu za mtaani, wanaonyanyua vyuma vilivyotengenezwa kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi, wanapata hilo sawasawa na aliye kwenye mashine za kisasa, alimradi kopo la mwezi ujao ni zito kuliko la mwezi huu.

Kuhusu wanga, jina linalotajwa zaidi nchini ni la Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Mazungumzo yake juu ya kufunga, kupunguza sukari na kutokula ovyo yaliwafanya Watanzania wengi wautazame kwa mara ya kwanza ukubwa wa sahani zao, nami naona hiyo ni huduma kubwa. Shida imekuja kwa wasikilizaji waliochukua kipande kimoja, kwamba ugali ni sumu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12, nusu wakipunguza wanga, nusu wakipunguza mafuta. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyotosha kuwa na maana kitakwimu. Lakini makundi yote mawili yaliambiwa jambo moja: kula mboga kwa wingi, punguza sukari na unga uliokobolewa, pika chakula chako mwenyewe. Hapo ndipo mlo safi unapopata haki yake. Sehemu ya orodha inayofanya kazi ni ile ambayo haikuhitaji kununuliwa ughaibuni.

Kufunga nako kunasaidia kwa kupunguza nishati inayoingia. Anayeruka chai na maandazi ya asubuhi ameondoa kalori. Anayeruka halafu usiku akafidia kwa sahani mbili hajaondoa kitu. Dona dhidi ya sembe nako ni vivyo hivyo: kalori hazipishani sana, ila dona ina nyuzinyuzi na madini zaidi na inakaa tumboni muda mrefu. Angalizo langu kwa wanunuzi ni kukagua mahindi kabla hayajasagwa, maana pumba na kiini hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu iliyomo kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na dona haitupi chochote.

Mwili unaopendeza kwa kipimo cha futi bado unaweza kuwa mgonjwa ndani, na hapa natoka kidogo nje ya swali. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipohamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani na kinga ikadhoofika. Waliotoka kwenye vyakula vya kimagharibi kwenda kwenye mboga za majani, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa walielekea upande mzuri. Aliyepunguza mafuta kwa keki na biskuti asidhani amemaliza kazi.

Jambo la mwisho linanigusa zaidi kuliko vitambi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano Iringa ni asilimia 57, mkoa ulioongoza nchi nzima, huku wastani wa taifa ukiwa 30. Njombe ilikuwa asilimia 50, Mbeya karibu 32. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage. Wakati mwingine mama aliyenenepa na mtoto aliyedumaa wanakaa nyumba moja na kula sufuria moja.

Katika nyumba kama hiyo orodha ya mlo safi inaweza kudhuru. Mama akiamua karanga, mafuta na maziwa viondoke jikoni kwa sababu vinanenepesha, anamwondolea mtoto vile vitu ambavyo wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe wamekuwa wakisisitiza viwekwe kwenye uji wake. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi wa sembe unalijaza kabla hajapata nishati wala protini ya kutosha. Yeye anahitaji uji mzito, wenye karanga zilizosagwa au unga wa usipa, maziwa, yai, na kijiko cha mafuta. Mama anahitaji maharage yale yale, usipa wale wale, viazi vya kuchemsha na mboga iliyopimiwa mafuta. Bajeti haihitaji kuongezeka sana: kijiko kinachotolewa kwenye sufuria ya mboga ya mama kiingie kwenye kibakuli cha mtoto.